Baba wa watoto wangu anataka kulipa nusu ya masurufu yao ya nyuma, nami nitie sahihi kwamba tumemalizana. Nifanyeje?

Mshona Kofia (Langoni, Lamu)

Asalaam aleikum jamani. Nitaandika kirefu, mniwie radhi, maana jambo hili nikilieleza kwa mdomo huishia kupandisha sauti.

Nina watoto wawili. Wa kiume anaingia sekondari ya bweni Januari, wa kike yuko gredi ya nne. Mimi na baba yao tuliachana bila matusi. Eda ikaisha, kila mtu akashika lake. Yeye ni mtu wa dau. Kaskazi hutembeza wageni, Shela, Manda Toto, Takwa, mpaka Kipungani. Kusi likiingia hana wageni, hutegemea kamba na samaki, tena bahari ikimkubalia. Mambo ya masurufu tulishindwa kuelewana nyumbani, nikaenda mahakama ya watoto hapahapa Lamu, na mwaka 2023 ikatoka oda: shilingi 9,000 kila tarehe 5 ya mwezi, na karo nusu kwa nusu. Alikuwepo mwenyewe siku ile. Aliulizwa kama anaweza, akajibu anaweza, hakimu akaandika.

Mwanzo alilipa, sitamsingizia. Mwaka huu ndio mambo yameharibika. Daftari langu lasema hivi: Januari hadi Desemba ni 108,000. Alizotuma, mara 3,000, mara 2,000, jumla yake ni 21,000. Bado 87,000. Kila nikimpigia simu: kusi kali, mashine imekufa, subiri fidia ya wavuvi kwa ajili ya bandari. Hiyo fidia ya bandari imelipa madeni mengi sana katika Lamu hii, yote kwa mdomo.

Sasa msimu umefunguka, wageni wamejaa, na juzi kaleta wazee nyumbani kwa mamangu. Wamekuja na bahasha na karatasi. Bahasha ina 40,000. Karatasi imepigwa chapa saiba, duka la kompyuta, yasema mimi nimepokea 40,000 "kwa ridhaa yangu", nimesamehe masurufu yote ya nyuma, sitadai tena mahali popote, na kuanzia Januari nitapokea 5,000 kwa mwezi badala ya 9,000. Chini pana mahali pa sahihi yangu na mashahidi wawili. Yeye mwenyewe hakuja.

Nikauliza, hizo 47,000 zilizobaki zimekwenda wapi? Mzee mmoja akanijibu kwamba nguo za Idi alinunua baba yao, na mwana alipovunjika mkono alilipa 6,500 hospitali, na zaidi ya hayo masurufu ya mtoto katika dini yakishapita yamepita, hayageuki deni. Haya, nibishane na mzee wa kilemba ndani ya nyumba ya mamangu? Nikasema nitafikiri. Bahasha wakaondoka nayo.

Kakangu ataka nimfunge. Mamangu asema heri nusu shari kuliko shari kamili. Mimi sitaki vita. Nataka pesa, na nazitaka kabla shule hazijafunguliwa, kwa sababu orodha ya vitu vya bweni ninayo hapa mkononi: godoro, sanduku, sare, viatu, bado karo ya muhula. Nauza mahamri alfajiri na nashona kofia mchana. Kofia ya vito ikiwa ni ya kazi safi humaliza miezi kabla haijamwona mnunuzi, kwa hiyo asije mtu akaniambia nishone upesi.

Naomba kujua: nikichukua hiyo 40,000 nimekwisha? Nikikataa kutia sahihi, korti itaniona mimi ndiye mkorofi? Na hiyo 5,000, mtu anaweza kujipunguzia tu kwa karatasi ya saiba?

Kijana wa Wiyoni

Dada wacha upole. Mwaka mzima alikuwa anakula na kulala. Mpeleke ndani, akalime shamba la jela kule Hindi, hapahapa Lamu, akitoka atakumbuka tarehe 5 huwa lini.

Msaidizi wa Sheria (Malindi)

Waalaikum salaam dada. Mimi si wakili. Huwasaidia watu kuandaa makaratasi ya kesi za watoto huku Malindi, na karatasi kama hiyo yako nimeziona nyingi, zote zina neno "ridhaa".

Pesa chukua. Kupokea 40,000 hakufuti 47,000. Kinacholeta balaa ni sahihi yako chini ya maneno "nimesamehe yote". Kwa hiyo vitenganishe vitu viwili ambavyo wao wamevifunga pamoja: wakupe pesa, wewe uwape risiti ya pesa hizo tu. Wakisema bila sahihi hakuna bahasha, basi ujue hawakuja kulipa deni, wamekuja kulinunua kwa bei ya chini.

Oda ya mahakama haibadilishwi barazani. Inasimama vilevile mpaka mahakama yenyewe iibadilishe. Ibara ya 53 ya Katiba yasema mama na baba wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imejengwa juu ya hilo. Maana yake kwako ni kwamba masurufu si mali yako hata uyasamehe. Ni ya hao watoto wawili, wewe ni mkono wa kupokelea. Hakimu akiiona karatasi ya msamaha ataiuliza maswali magumu. Lakini usitie sahihi kwa kutegemea hilo. Wakili wa upande wa pili ataitikisa hewani, kesi itaahirishwa, na mwana atakuwa ashafungua shule bila godoro.

Kuhusu 5,000: haki anayo ya kuomba ipunguzwe. Anapeleka ombi katika faili ileile, anaapa hati ya kiapo kueleza mapato na matumizi yake, nawe unajibu. Hakimu akiridhika kwamba hali imebadilika, anaweza kupunguza. Anaweza pia kukataa. Asichoweza ni kujipunguzia mwenyewe halafu akaita jambo hilo suluhu.

Nguo za Idi ni nguo za Idi. Oda imetaja pesa na tarehe, haikutaja kanzu. Hiyo 6,500 ya hospitali, mimi binafsi nisingeikomalia. Kama risiti ipo na mkono wa mtoto umepona, mkatie kwenye deni. Hakimu hupenda kuona mtu anayejua lipi la kushikilia na lipi la kuachia.

Usiwadharau wazee lakini. Ibara ya 159 ya Katiba yenyewe inazihimiza mahakama zikubali upatanishi na njia za kijadi. Walichokosea ni kutaka mambo yaishie sebuleni. Mkielewana, makubaliano yaandikwe, nyote wawili mtie sahihi, yapelekwe kwenye faili yenu mahakamani yapitishwe yawe oda. Hapo akikiuka, huanzi upya. Afisa wa watoto anaweza kuwakalisha na kuwaandikia, na hatozi pesa. Ila na ya kwake pia muipeleke kortini, maana makubaliano ya ofisini peke yake hayana meno ya oda.

Mpango wenyewe ungekuwaje? Chukua 40,000 sasa, zibaki 47,000. Januari, Februari na Machi, wageni wakiwapo, aongeze 9,000 juu ya 9,000 ya kawaida: hiyo ni 27,000. Zinabaki 20,000, azigawe 2,500 kwa mwezi kuanzia Aprili hadi Novemba. Msimu mwingine ukifunguka hakuna deni.

Wala asiandike popote "fidia ikitoka". Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari, na nyinyi wenyewe mnajua mlivyosubiri. Mtoto hali kwa tarehe ya fidia.

Na wewe kijana wa Wiyoni: kufungwa kupo, sikatai. Mahakama humwita kwanza ajieleze kwa nini asifungwe, na anayefungwa ni yule mwenye uwezo aliyekataa, si yule asiyekuwa nacho. Kifungo cha madai kina kikomo cha miezi 6, na akitoka deni liko palepale. Tena mtu wa dau umfunge Desemba? Ungojee nini mezani, upepo? Kumnyang'anya mashine na tanga nako usikutegemee, vifaa vya mtu vya kumpatia riziki vina kinga katika sheria ya kukamata mali.

Weita wa Watamu

Mimi nami ni baba wa aina hiyo inayosemwa humu, msinirushie mawe. Nafanya kazi hotelini. Wageni wakiondoka baada ya Pasaka hoteli hufungwa, na sisi wa kandarasi twarudi nyumbani mikono mitupu mpaka Julai. Oda yangu ilikuwa 7,000. Mwezi wa kwanza wa kukaa nyumbani nilituma 2,000, uliofuata sikutuma, halafu nikaanza kuiogopa simu.

Watu hudhani baba asiyelipa ana pesa kazificha. Wako hao, tena wengi. Lakini wako ambao deni limekua mpaka hawathubutu kuuliza limefika wapi. Mtu akisikia 87,000 hujiambia siimalizi hii, basi hata ile 3,000 aliyokuwa nayo mfukoni haitumi, anainunulia miraa asahau. Sisemi ni sawa. Nasema ukijua hilo utamjua unayezungumza naye. Huyo kutuma wazee na karatasi ya "sitadai popote" ni mtu anayetaka lile jumla litoke machoni pake.

Ilani yangu ya kwenda kujieleza kortini ilipokuja nilikwenda na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, imechapwa, na barua ya hoteli inayoonyesha msimu huanza lini na kwisha lini. Sikufungwa. Hakimu aliniuliza, Desemba unaweza ngapi, na Juni unaweza ngapi? Mama watoto naye akaulizwa. Tukaandikiana kiwango cha msimu na kiwango cha hoteli kufungwa, na deni la nyuma likapangiwa kwenye miezi ya msimu. Tangu hapo nalala. Ila pesa zote nilizompa mkononi, za kweli kabisa, hazikuhesabiwa, kwa kuwa hakuna aliyeandika na mama watoto alisema hazikumbuki. Ndipo nikajua M-Pesa kwa namba moja, kila mara, hata ikiwa ni 500.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Malindi, hesabu yako ni nzuri kwenye karatasi, lakini 2,500 juu ya 9,000 mwezi wa Juni, kwa mtu wa dau? Umemwandikia kesi nyingine. Kusi la Juni hulijui wewe uliye ofisini. Mwekeeni 1,000 tu miezi ile minane ya Aprili hadi Novemba, ni 8,000, na 12,000 iliyobaki ailipe Desemba ijayo. Jumla ni ileile, 47,000, ila ataifikia.

Na dada, jambo la haraka: 40,000 mkononi mwa mtu wa dau mwezi huu ni kundi moja la wageni waliolala chomboni siku mbili tatu. Haikai. Ukizungusha wiki mbili itakuwa imekuwa tanga jipya au mchango wa harusi ya binamu. Mpigie wewe mwenyewe, usingoje wazee.

Mama wa Kizingitini

Mimi nina swali moja kwa mwenye mada. Umesema oda inataja karo nusu kwa nusu. Hiyo 87,000 ni hesabu ya tarehe 5 peke yake. Karo umeiweka wapi? Na madrasa? Na hizo sare za bweni ni za nani, zako peke yako?

Mshona Kofia (Langoni, Lamu)

Ahsanteni sana. Mama wa Kizingitini umenikamata mkono. Karo sikuitia. Shule walizokuwa ni za serikali, kilicholipwa ni vihela vya mitihani na chakula cha mchana, risiti nyingine ninazo nyingine zimeliwa na unyevu. Nitazihesabu zinazosomeka. Madrasa haimo katika oda, hiyo naibeba. Ya bweni ndiyo kubwa, na hiyo inaanza Januari, kwa hiyo haijawa deni bado, ila nitaitaja mapema asije akasema hakujua.

Weita, nimekusoma mara mbili. Lile la kuogopa simu limenichekesha na kuniudhi kwa pamoja, maana mimi nami huogopa simu, ya mwenye duka la unga, lakini mahamri lazima yapikwe.

Basi jana baada ya Isha nilimpigia mwenyewe. Hakushika. Nikamwandikia: "Sitaki kukufunga. Niletee 40,000, nitakuandikia risiti. Lakini karatasi ile sitii sahihi." Alinipigia usiku, sauti ya chini, nadhani alikuwa na mke wake karibu. Asema aliyemwandikia ile karatasi alimwambia asipopata sahihi ya msamaha, pesa akitoa itakuwa ni kukiri deni na nitaitumia kumkamata. Ni kweli hilo? Nilimjibu deni lishakubaliwa tangu 2023, hakimu ana maandishi.

Juu ya 5,000 hatukusikizana. Ameshikilia. Nimemwambia apeleke ombi lake kortini aeleze mapato yake, na mimi nitapeleka picha zake za mtandaoni za Desemba, yuko mbele ya dau, wageni kumi wamevaa kikoi. Akacheka kidogo. Hiyo ndiyo dalili nzuri pekee niliyoipata.

Lililobaki kunikera ni la yule mzee. Kweli dini yasema masurufu ya mtoto yakipita yamepita? Mamangu amelishika neno hilo, analirudia kila asubuhi.

Mzee wa Mkomani

Mwanangu, kilemba mimi pia ninacho, kwa hiyo niwate niseme na huyo mwenzangu.

Yambo alilokwambia limo vitabuni, hakulizua. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, chakula cha mtoto kisipotolewa na siku zikapita, hakigeuki deni juu ya babake. Cha mke hugeuka, cha mtoto hakigeuki. Lakini mstari haukomei hapo. Waendelea ukasema: ila ikiwa kadhi ameyapitisha masurufu hayo, au amempa mama idhini akope juu ya dhima ya baba. Amekusomea nusu moya, nusu ya pili ameimeza na kahawa. Yako yamepitishwa, tena baba mwenyewe kasimama hapo akakubali.

Ataya mtu aniambie aliyepitisha ni hakimu wa serikali, si kadhi. Nami nitamuuliza, neno alilolitoa mbele za watu ni la serikali au ni lake? Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Waislamu wako juu ya masharti yao. Mtu akikubali 9,000 kwa ulimi wake, ulimi huo si wa serikali.

Na aya ya 7 ya Suratut-Talaq mwambieni mamako aisome yote, maana yamhifadhi na baba pia. Mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyefinyiwa riziki atoe katika alichopawa. Huyo kijana wa Watamu amesema kweli juu ya Juni. Kusi si la kumkaba mtu. Lakini yeo ni Desemba. Nimeshuka gatini asubuhi, madau yametoka yote. Hakufinyiwa mtu.

Wakiya tena wazee, waambie mambo hayasemwi bila ya mwenyewe kuwapo. Mimi nimesuluhisha ndoa na talaka za mtaa huu tangu ndevu zikiwa nyeusi, na suluhu ya mtu asiyekuwapo hupeperuka kabla ya kahawa kupoa. Ukitaka mtu wa upande wako, nitumie mtoto, nitakuya.

Msaidizi wa Sheria (Malindi)

Mzee, shukrani. Hilo la nusu ya mstari nitalitumia huku Malindi, tunao wasomaji wa nusu wengi.

Dada, juu ya "kukiri deni": aliyemwandikia amemtisha bure. Deni limo ndani ya oda, halihitaji kukiriwa. Kinyume chake, kulipa kunamfaa yeye. Akiitwa kujieleza, mtu aliyelipa 40,000 na kuleta mpango wa zilizobaki anasikilizwa tofauti kabisa na aliyeingia mikono mitupu. Na malipo yanayofanyika nje ya korti ni vizuri yajulishwe kwenye faili, kwa usalama wake yeye, asije akadaiwa mara mbili. Mwambie hivyo. Mara nyingi baba akiona kwamba karatasi inamlinda na yeye, anaacha kutafuta ya kukubana wewe.

Hesabu ya weita naikubali, nimeshindwa. Kusi nalijua kwa kulisikia tu.

Lile la 5,000 liacheni pembeni lisizuie hili. Mpango wa deni la nyuma unaweza kuandikwa peke yake, na 9,000 inaendelea kama ilivyo mpaka ombi lake lisikilizwe. Wengi hukwama hapo, wanataka yote yaishe siku moja, na mwisho hakuna kinachoisha.

Kama atageuka, nenda masijala ya mahakama na namba ya kesi yako, uulize utaratibu wa kumwita ajieleze. Kwa msaada wa wakili bila malipo, FIDA Kenya na Kituo cha Sheria wote wana ofisi Mombasa. Ni mbali najua, Mokowe mpaka Mombasa ni siku nzima ya basi, lakini piga simu kwanza kabla ya kulipa nauli. Namba 116 ya watoto nayo ni bure.

Kijana wa Wiyoni

Sawa sawa, nimerudi nyuma. Lakini picha za wageni kumi na kikoi dada uzihifadhi, asije akazifuta.

Mshona Kofia (Langoni, Lamu)

Nimezihifadhi kitambo.

Habari ya leo: ametuma 40,000 kwa M-Pesa, mara mbili, 25,000 halafu 15,000. Amekubali twende kwa afisa wa watoto Jumatatu, yeye mwenyewe, na mzee mmoja kila upande. Upande wangu Mzee wa Mkomani, tayari nimemtuma mwanangu kwake, karudi na halua. Mpango ni ule wa weita: 9,000 ya ziada miezi mitatu, 1,000 miezi minane, 12,000 Desemba. Ile 6,500 ya hospitali nimemwambia alete risiti, akiileta itatoka kwenye hiyo 12,000. Nusu ya karo ya bweni amesema "tutaona", nikamwambia tutaona mbele ya afisa.

Anataka risiti kwa mkono wangu. Nimeiandika hivi, itazameni kabla sijampa:

"Mimi mama wa watoto wawili nimepokea kutoka kwa baba yao shilingi 40,000 kwa M-Pesa kuwa sehemu ya masurufu ya nyuma. Zilizobaki ni shilingi 47,000. Risiti hii si msamaha wa deni wala haibadilishi oda ya mahakama."

Msaidizi wa Sheria (Malindi)

Iko vizuri. Tia majina yenu kamili, tarehe, namba ya kesi na zile namba za muamala za M-Pesa zote mbili. Andika pia kwamba 47,000 ni bila ya karo, risiti za karo zikiwa bado kuhesabiwa, vinginevyo atasema umekiri hakuna kingine. Andika nakala mbili, mtie sahihi zote, ibaki moja kwako, na Jumatatu umpe afisa nakala ya kuweka kwenye faili.